Mkono Mzima, Shingo Nyembamba

Jumapili, 3 Agosti

Gitaa la baba limekufa leo, na aliyeliua ni mume wangu.

Naandika hivi nikitabasamu kidogo kwa sababu nimeshalia vya kutosha. Baada ya ibada nililiegemeza nyuma ya pikapu, kwenye mfuko wake wa kitambaa, nikaenda kumsaidia Dada Wilma kubeba masufuria. Mume wangu Denver hakuliona. Akaingia, akawasha, akarudi nyuma. Mlio ule ulikuwa kama wa mtu anayevunja kuni kavu kwa goti. Shingo ilikatika vipande vitatu, na tumbo likawa vibanzi.

Denver alishuka, kofia mkononi. "Mama, niambie hilo si gitaa."

"Lilikuwa," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ndugu Garnet, mpiga mandolini wetu, alichuchumaa kwenye kokoto akaokota vile vipande kimoja kimoja, akavipanga ndani ya mfuko kama mtu anayemlaza mgonjwa. Ndugu huyu alimzika mkewe, Icy, majira ya kuchipua yaliyopita, na tangu siku hiyo haongei sana. Alishika kipande cha shingo akasema, "Baba yako alilipiga hili hadi rangi ikatoka."

Ni kweli. Mgongo wa shingo ile ulikuwa mnene, na katikati ulipanda kama paa la nyumba. Watu wakilishika walikuwa wanasema, hili ni gitaa au rungu? Mimi nililishika tangu nina miaka kumi na minne. Sasa nina hamsini na minne. Mkono wangu ulikua ukilizunguka, kama mti unavyokua ukizunguka waya wa uzio.

Bwana, najua ni mbao tu. Nisamehe ninavyolililia.

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu umejaa bondeni hadi mlangoni. Nimetia punje ya haragwe kwenye chupa. Mama alitufundisha hivyo: kila asubuhi ya ukungu mwezi wa Agosti, punje moja, na majira ya baridi utaona theluji kwa idadi ileile. Denver anasema ni upuuzi, lakini ndiye aliyenipa chupa.

Jumapili, 10 Agosti

Tumeimba na mandolini peke yake. Ndugu Garnet amejitahidi sana, masikini, lakini mandolini bila gitaa ni kama mkate wa mahindi bila maharage: unakula, lakini unauliza kingine kiko wapi.

Mchungaji Ancil ametukumbusha kwamba Siku ya Kurudi Nyumbani ni Jumapili ya mwisho ya Septemba. Wote waliohamia Ohio na Michigan kutafuta kazi watarudi, na wengine wamezeeka hivi kwamba hatujui kama watarudi tena mwakani. Miaka yote ni mimi ninayewaanzishia nyimbo. Amenitazama aliposema hivyo, halafu akatazama pengine.

Baadaye nimeona kikapu kikizunguka kule nyuma, na kila nikigeuka watu wanaanza kuzungumzia mahindi.

Jumatano, 13 Agosti

Shule ninayopikia imefunguliwa. Watoto ni wengi, jikoni ni moto, na miguu yangu imevimba.

Jumapili, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi. Kanisa limeninunulia gitaa.

Kumbe kile kikapu kilikuwa sadaka ya upendo. Na aliyetumwa dukani ni Ndugu Garnet, akaendesha mwenyewe hadi mjini. Ilikuwa safari yake ya kwanza kutoka humu bondeni tangu amzike Icy. Leo kabla ya mahubiri amepita mbele na sanduku jeusi, shati limepigwa pasi (na nani, sijui), akasimama wima.

"Dada Oleta," akasema, "nimeyashika yote yaliyokuwa ukutani. Nikajiambia, huyu dada anapika siku tano kwa wiki, mikono imechoka. Nimekuchagulia lenye shingo nyembamba kuliko yote dukani. Mkono wako utapumzika."

Watu wakasema amina. Dada Wilma analia. Mimi nalia. Gitaa lenyewe linang'aa kama asali.

Nikalishika. Hapa nitaandika ukweli, maana hakuna anayesoma ila Bwana. Mkono ulitafuta shingo na haukuikuta. Ilikuwa kama kushika rula ya shuleni. Dole gumba likazunguka nyuma likitafuta pa kukaa, likakosa.

Nikasema, "Bwana asifiwe," na kwa upendo wao nilimaanisha.

Jumanne, 19 Agosti

Ukungu. Punje.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefanya mazoezi kila jioni. Nikipiga nyimbo mbili, nyama iliyo chini ya dole gumba inawaka moto. Nikipiga tatu, inakakamaa, nami nalazimika kuifungua kwa mkono wa kulia.

Nimejaribu kumweleza Denver. Nikamwambia, gitaa la baba lilikaa kati ya dole gumba na kidole cha shahada kama koti kwenye msumari. Sikuwa nalishika, lilikuwa linaning'inia lenyewe, na vidole vilikuwa huru kufanya kazi. Hili la sasa, kwa kuwa ni jembamba, lazima nilibane ili lisinitoroke. Halafu nyuzi zimekaribiana. Nikipanga vidole kushika sauti ya C, kidole kinagusa uzi wa jirani na kuuziba.

"Shingo ni shingo, mama," akasema. "Hata kuku ana shingo."

"Basi mpe jogoo wako shingo ya bata uone atakavyowika."

Akacheka hadi akakohoa. Lakini nimeona anakwepa macho yangu. Anajua nani alirudisha lile gari nyuma, na angependa sana jambo hili liwe limekwisha.

Labda ni kiburi changu tu. Labda ni kukosa shukrani. Nimeomba kwamba kama ni roho ya manung'uniko, iondolewe.

Jumapili, 24 Agosti

Haikuondolewa. Nimepiga vibaya sana. Kwenye sauti ya F hakikutoka kitu ila kelele kama ya kufunga droo. Ndugu Garnet alisogea karibu na kipaza sauti, akapiga kwa nguvu kufunika makosa yangu, asiyajue maumivu aliyoyaleta mwenyewe. Kila ninapokosea ananikonyeza kwa upole, kana kwamba anasema, utazoea.

Dada Wilma alinisubiri mlangoni. "Dada, leo ulikuwa unapiga gitaa au unapigana nalo?"

"Nimechoka tu, Wilma."

"Umri huo. Mimi magoti, wewe mikono. Nitakuombea."

Jumatano, 27 Agosti

Leo kuna jambo limetokea. Mwalimu wa muziki aliacha gitaa la shule kwenye ukumbi wa chakula. Ni gitaa la bei ya chini kabisa, lina stika za dinosau, na uzi mmoja una kutu. Masufuria yalikuwa yanakauka. Nikafuta mikono kwenye aproni, nikaketi kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza, magoti karibu na kidevu, nikalichukua.

Shingo yake ni nene. Haina ule mgongo wa paa kama la baba, ni ya mviringo tu, lakini ni nene. Dole gumba likakaa. Nikapiga wimbo mmoja, nikapiga wa pili, nikaendelea mpaka mwenzangu wa jikoni akaja kuniuliza kama nimehamia pale.

Mkono haukuuma hata kidogo.

Basi si umri, wala si ugonjwa. Na sasa kwa kuwa najua, hali yangu ni mbaya zaidi kuliko nilipokuwa sijui.

Jumamosi, 30 Agosti

Tumechimba viazi. Denver hakuliona jembe lake, akachukua langu. Hakufika hata mwisho wa tuta la kwanza akaanza kulalamika. "Mpini huu mwembamba utaniua vidole. Unalimaje na kijiti hiki? Mtu unabana, unabana tu!"

Niliegemea uzio nikamtazama.

Akaendelea kidogo. Halafu akasimama. Akautazama ule mpini, akanitazama mimi.

"Ndivyo lilivyo?" akauliza.

"Ndivyo lilivyo."

Denver alifanya kazi mgodini miaka mingi, na koleo lake alilichonga mpini mwenyewe. Hakuruhusu mtu yeyote aliguse. Aliketi juu ya ndoo akafikiri. "Basi mwambie Garnet."

"Siwezi. Ulimwona alivyosimama pale mbele? Tangu Icy afariki hajawahi kusimama vile."

"Na Siku ya Kurudi Nyumbani?"

Nikipiga hivi, nitawaharibia watu waliosafiri usiku kucha. Nikiacha kupiga, nyimbo hazina wa kuzianzisha. Nikisema, namvunja mtu aliyekwisha kuvunjika.

Jumapili, 31 Agosti

Punje ya mwisho. Nimefunga chupa. Baridi itakuwa kali mwaka huu.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Acha niandike kwa utaratibu.

Nilipiga nyimbo mbili, na wa tatu mkono ukagoma kabisa. Vidole vikajikunja kama mguu wa ndege. Nikasimama katikati ya ubeti. Watu wakamalizia bila mimi, na Ndugu Garnet akafuata, macho yake yako kwangu.

Mchungaji Ancil hakwenda kuhubiri. Alitoa mfukoni ile chupa ndogo ya mafuta ya zeituni, akasema, "Dada Oleta, njoo mbele. Tumeona unavyoteseka. Wazee, sogeeni."

Bwana, unajua ilivyo kwetu. Hakuna anayebaki kitini. Walinizunguka, mkono wa huyu begani, mkono wa yule mgongoni, Dada Wilma amenishika kiuno kama ninayezama. Wakaanza kuomba wote kwa pamoja, kwa sauti. Ndugu Garnet alikuja pia. Nilimsikia karibu na sikio langu, yeye ambaye haongei, akisema, "Bwana, ugonjwa wa Icy hukuuponya, na sikuuliza kwa nini. Uponye huu."

Mchungaji akafungua chupa. Nikasikia harufu ya mafuta. Akachukua mkono wangu wa kushoto, akaugeuza kiganja juu.

Na mimi nilikuwa najua kuwa mkono ule ni mzima. Nilikaa kwenye benchi la watoto mwishoni mwa Agosti nikaupima. Nikikubali mafuta yale, nitakuwa namdanganya Mungu hadharani, mbele ya watu wanaolia. Na wiki ijayo nikipiga vibaya tena, watasema Mungu hakusikia. Wengine wanaumwa kweli pale kanisani. Watajiuliza.

"Mchungaji, subiri," nikasema.

Hawakusikia. Nikapaza sauti. "Subirini! Mkono wangu hauumwi!"

Maombi yakapungua kama mvua inayokatika. Mchungaji akasema taratibu, "Usiogope, dada. Bwana ni mponyaji."

"Naamini. Lakini hakuna cha kuponya. Mkono ni mzima. Ni shingo."

"Na shingo pia?" akasema Dada Wilma, na mikono mitatu ikahamia shingoni kwangu.

Siku nyingine ningecheka. "Shingo ya gitaa," nikasema. "Ni nyembamba mno kwangu. Nalibana ili nilishike, na kule kubana ndiko kunakouma. Nimepiga gitaa la shule lenye shingo nene, sikuumia hata kidogo. Ni zuri, jamani. Zuri mno. Lakini halikutengenezewa mkono wangu. Nilipaswa kusema siku ile ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nawapenda."

Sikutazama wengine, nilimtazama Ndugu Garnet. Aliondoa mkono wake begani kwangu polepole, kama mtu aliyegundua ameugusa ukuta wenye rangi mbichi.

"Nilidhani nimekuchagulia vizuri," akasema.

Akaenda kitini, akailaza mandolini kwenye sanduku lake, akafunga vifungo vyote viwili, akatoka. Tulisikia gari lake likishuka mlima.

Mchungaji alibaki na kizibo mkononi. Akasema hakuna mahubiri yatakayopita hayo leo, tuimbe tuondoke. Tukaimba bila chombo chochote.

Alhamisi, 11 Septemba

Dada Wilma amenipigia simu. "Watu wanasema eti shingo ya gitaa ni jambo dogo, ungevumilia tu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nina viatu namba saba ambavyo dada yangu alininunulia. Mimi navaa namba nane. Nilivivaa mwaka mzima ili asijue. Unafikiri magoti yangu yaliharibikia wapi?"

Nimempenda Wilma leo kuliko siku zote tangu nimjue.

Jumapili, 14 Septemba

Ndugu Garnet hakuja. Kiti chake kitupu, na mimi sikupiga. Mvua.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilikuwa barazani nikimenya tufaha za keki ya matabaka, ile tunayoipika kwa Siku ya Kurudi Nyumbani, mara gari la Ndugu Garnet likapanda. Alishuka, hakusema hodi wala habari. Akaketi ngazini, akatoa kisu chake mfukoni, akachukua tufaha akaanza kumenya. Tulimenya tufaha kadhaa hivyo, maganda yakianguka ndoo moja.

"Dukani," akasema mwishowe, "yule kijana aliniuliza gitaa ni la nani. Nikasema la mwanamke. Akanipa lile. Nikalishika, nikafumba macho, nikajaribu kufikiria mkono wa mwanamke juu yake. Nikaona linamfaa kabisa. Nikalipia."

Akamenya kidogo.

"Dada Oleta, mkono wa mwanamke ninaoujua mimi ni mmoja tu."

Icy alikuwa na mikono midogo kama ya mtoto. Alipokuwa akiosha chupa za kuhifadhia maharage, mkono wake ulikuwa ukiingia ndani mzima, na sisi wengine tulikuwa tukimwita tulipokwama. Na mimi nilikuwa nimemhesabu ndugu huyu kuwa mtu aliyechagua vibaya kwa kutojua. Kumbe alichagua vizuri sana. Alimchagulia mwingine.

Nikanyoosha mkono wangu mbele yake, umejaa maji ya tufaha. "Huu si wa Icy, ndugu yangu. Huu umeinua masufuria ya shule miaka ishirini."

Akautazama kweli, kwa mara ya kwanza nafikiri. "Huo ni mkono wa baba yako," akasema. "Umepakwa losheni tu."

Nikacheka mpaka kisu kikaanguka. Naye akacheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Halafu akaingia stoo ya Denver, akarudi amekumbatia kila kitu chenye mpini: majembe, shoka, koleo, reki. Akanipa kimoja kimoja. "Shika kama unashika C. Huu? Je, huu?" Kila niliposema ndiyo, aliuzungushia kamba kupima unene na kutia fundo. Denver akatoka ndani, akasimama mlangoni.

"Mnanunua gitaa au mnafungua shamba?"

"Nyamaza wewe," akasema Ndugu Garnet, "muuaji wa magitaa."

Denver alikwenda stoo mwenyewe akaleta lile koleo lake la mgodini, ambalo hata mimi sikuwahi kuruhusiwa kulishika, akaniwekea mikononi. "Jaribu na hili."

Jumamosi, 20 Septemba

Mjini, sisi watatu katika pikapu moja. Ndugu Garnet amenikalisha kwenye kiti akasema, "Fumba macho. Usitazame rangi, usitazame jina. Mimi nitakuwekea."

Nikashika mengi. Nimejifunza kwamba shingo zinatofautiana kama watu. Kuna bapa, kuna ya mviringo, kuna iliyonona huku juu na kupungua inavyoshuka. Nyingine ilikuwa nzuri kwa unene lakini rangi yake inanata kiganjani kama peremende. Sikujua kwamba hilo pia lina uzito wake mpaka niliposhindwa kuteleza.

Kulikuwa na moja lenye sauti ambayo ilifanya duka zima linyamaze. Shingo yake nyembamba. Kijana wa dukani akasema mkono huzoea, kwake ilichukua mwezi. Nadhani anasema kweli. Mkono wa kijana huzoea. Kama ningekuwa na miaka yake ningelichukua lile na kuuacha mkono ulifuate. Lakini mkono wangu umeshamaliza kukua, na ukiuma, najua nitabana, na nikibana, hata sauti ile itakufa mikononi mwangu. Nilimwambia hapana, na nilisikia uchungu kusema.

Halafu nikawekewa jingine. Nyuma kuna sehemu iliyopanda kidogo, si kali kama ya gitaa la baba, kama paa la nyumba ambayo theluji imelainisha. Dole gumba likakaa bila kuambiwa.

"Hili," nikasema.

"Una hakika? Fungua macho kwanza."

Nikafungua. Lina rangi ya kahawia iliyochakaa, lina mkwaruzo tumboni, na mtu fulani amewahi kulichoma kwa sigara karibu na vifunguo vya kukazia nyuzi.

"Ndilo baya kuliko yote humu," akasema Denver.

"Na wewe nilikuchagua hivyohivyo," nikamwambia. "Kwa kufumba macho."

Wenye duka walikubali kubadilishana. Kabla ya kulikabidhi lile la asali, Ndugu Garnet aliishika shingo yake mara moja, vidole vikaizunguka vyepesi. Tuligeukia mlango, mimi na Denver, tukatazama barabara. Tulipogeuka tena, lilikuwa limesharudi ukutani.

Jumatano, 24 Septemba

Keki tayari, matabaka yote. Vidole vina sugu mpya.

Jumapili, 28 Septemba

Wamekuja. Magari yamejaa hadi kule darajani. Shangazi yangu wa Michigan ametolewa garini kwa kiti cha magurudumu, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Lile rungu la baba yako liko wapi?" Nikamwambia limekufa. Akasema, "Basi tuone huyu mrithi."

Mvua ilinyesha wakati wa maombi ikaisha wakati wa chakula, kana kwamba ilialikwa. Tuliimba asubuhi, tukala kwenye meza za nje, tukaimba tena. Ndugu Garnet alisimama kulia kwangu. Hakupiga kwa nguvu ili kuniziba. Palikuwa na mahali alinyamaza kabisa, akaniachia, akawa anasikiliza tu, macho yamefumbwa. Shangazi aliomba wimbo mmoja mara tatu na mara zote tatu tuliuimba wote, na baadhi yetu tunajua kwa nini: huenda asirudi mwakani.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima tulipopanga vitu garini. Denver akaniuliza, "Shingo ilikuwaje?"

Nikafikiri. Nikarudi nyuma kichwani wimbo kwa wimbo, tangu ule wa kwanza. Nikamkumbuka shangazi akipiga kofi juu ya goti lake, nikamkumbuka Wilma amekosea ubeti akaendelea kwa ujasiri, nikamkumbuka Ndugu Garnet akisikiliza.

"Sijui," nikamwambia. "Nilisahau kama lina shingo."

Akatikisa kichwa. Akalipokea gitaa kutoka mikononi mwangu, akaliweka ndani, kwenye kiti cha katikati, akalifunga mkanda. Halafu akaizunguka pikapu yote, akainama akachungulia chini yake, upande huu na upande ule, ndipo akapanda na kuwasha.